Macho ya Abiria wa Mkanda

Boti itokayo Amu kwenda Faza au Kizingitini hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji unaoitenga Manda na bara, na saa ya kupita huamuliwa na maji kujaa. Mle ndani bahari ni shwari. Mawimbi ya kusi yanayoumuka nje ya Shela hayafiki, mikoko imesimama huku na huku, na chombo huenda sawasawa bila kuinuka wala kuinama. Lau ugonjwa wa bahari ungekuwa kazi ya mawimbi peke yake, Mkanda ungekuwa mahali pa mwisho pa mtu kushikwa na kisunzi. Lakini aliyeizoea njia hiyo anawajua abiria ambao hufika katikati ya mikoko wamenyamaza, jasho jembamba limewatoka, ndimu i mkononi, kisha hupata nafuu boti itokeapo ghubani, ambako ndiko chombo kinakoanza kuchezacheza. Kwa kawaida tunawacheka. Wanaambiwa wana moyo mwepesi, au wamekula vibaya, au si watu wa bahari, hata kama wamezaliwa Siyu. Mimi naona abiria hao ni ushahidi, na hoja yangu ni moja: kizunguzungu kinachochochewa na kuona chanzo chake hakimo machoni, lakini ni machoni kinakosomeka. Na mahali kama hapa petu, ambapo mashine kubwa ziko mbali, kujua kuisoma miendo ya macho kuna faida kuliko dawa nyingi tunazonunua kwa kubahatisha.

Tuanze na linaloonekana. Katika boti nyingi za abiria mabenchi yamepangwa ubavuni, watu hukaa kwa kutazamana, na juu limetandazwa turubai la kukinga jua. Anayekaa hivyo haoni mbele chombo kiendako. Anachoona ni kipande cha ukingo wa pili, kati ya turubai na ubavu wa boti, na ndani ya kipande hicho vigogo vya mikoko vikimpita mbio. Sasa mtazame yeye machoni, maana amekuelekea. Jicho lake hukamata kigogo kimoja, hukifuata polepole kuelekea tezi, hufika mwisho wake, kisha huruka ghafla kurudi upande wa omo na kukamata kingine. Mwenyewe hana habari. Ukimuuliza atakwambia ametulia tu anatazama miti. Mwendo huo, wa pole upande mmoja na wa haraka upande wa pili, wataalamu wanauita nistagmasi, na huu unaoletwa na mandhari yanayopita wanauita wa optokinetiki. Mwanafiziolojia wa Bohemia, Jan Purkinje, aliueleza katika miaka ya 1820 baada ya kuyaangalia macho ya watu waliokuwa wakitazama gwaride la askari wa farasi. Hakuhitaji chombo chochote. Aliwaacha farasi akawatazama watazamaji.

Baadaye maabara zilijenga Mkanda wao: pipa kubwa lenye mistari myeusi na myeupe kwa ndani, mtu ameketishwa katikati juu ya kiti kisichosogea, pipa linazungushwa. Macho huanza nistagmasi papo hapo. Sekunde chache baadaye hutokea jambo la ajabu zaidi: pipa huonekana limesimama, na mtu huhisi kwamba ni yeye anayezunguka. Hisia hiyo huitwa veksheni, na kila mtu wa visiwani anaijua, kwani ndiyo ileile ya kukaa katika boti iliyofungwa gatini, boti ya jirani ikang'oka, ukadhani ni yako inayokwenda. Ernst Mach aliichunguza na kuiandika katika kitabu chake cha mwaka 1875. Zaidi ya karne moja baadaye, Robert Stern na wenzake nchini Marekani walitumia pipa la mistari kuchunguza kigegezi, wakakuta kwamba mwendo wa nyuzi 60 kwa sekunde uliwasumbua watu kuliko ule wa polepole na kuliko ule wa kasi zaidi. Basi piga hesabu ya Mkanda. Boti inayokwenda mita nane kwa sekunde, ikipita mita nane kutoka kwenye mikoko, humpa abiria karibu nyuzi 57 kwa sekunde kwa mti ulio mkabala naye. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ni vigumu kupata kasi mbaya zaidi ya hiyo kwa mtu anayetazama ubavuni.

Kwa nini jicho lijitaabishe kufuata vigogo? Kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuituliza dunia ili iweze kuonekana, na kazi hiyo haifanyi peke yake. Ndani kabisa ya sikio, mbali na ngoma inayopokea sauti, ipo mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, pamoja na vifuko viwili vyenye vipunje vya chokaa. Mifereji hupima jinsi kichwa kinavyogeuka. Vifuko hupima jinsi kinavyosogea na kuinama. Kichwa kikigeuka kulia, habari hutoka sikioni, hupita shina la ubongo, na misuli hulipeleka jicho kushoto kwa kiasi kilekile, yote kwa muda wa milisekunde 10 hivi. Kukifuata kitu kwa kuona peke yake huchukua takriban mara kumi ya muda huo. Msomaji anaweza kuthibitisha hapo alipo: autikise ukurasa huu kwa haraka, maneno yatachanganyika, kisha autulize ukurasa na kutikisa kichwa kwa kasi ileile, maneno yatasomeka. Tofauti hiyo ni kazi ya sikio. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyetia sahihi ya herufi J.C. tu, aliandika jinsi anavyoishi baada ya dawa ya streptomaisini kumharibia mizani ya masikio yote mawili. Hata akiwa kitandani ilimbidi akiegemeze kichwa mahali pagumu ndipo asome, maana mapigo ya moyo wake mwenyewe yalitosha kuyarusharusha maneno.

Lakini sikio lina udhaifu wake. Mifereji husikia mabadiliko ya mwendo, haisikii mwendo uliotulia. Mtu akizungushwa kwa kasi isiyobadilika, habari ya sikio hufifia ndani ya nusu dakika hivi, na kazi ya kusema "bado tunazunguka" hubaki kwa macho. Ndiyo maana ubongo umeziweka habari hizi mbili mahali pamoja. Tafiti za nyani za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba chembe za shina la ubongo zinazopokea habari za sikio huitikia pia pale mnyama anapokuwa ametulia tuli na mandhari ndiyo inayozunguka. Yaani huko ndani hakuna faili la macho na faili la sikio. Kuna daftari moja la mwendo, na wote wawili wanaliandikia. Wakiandika mamoja, mtu husahau kwamba ana mizani. Wakihitilafiana, ubongo hubaki na daftari lisilolingana, na hapo, kwa njia ambazo bado zinajadiliwa, ndipo kinapotoka kisunzi, jasho na kigegezi. Nadharia hii ya mgongano iliwekwa vizuri na James Reason na Joseph Brand katika kitabu chao cha mwaka 1975, lakini mabaharia wetu wameitenda siku zote. Wanajua kwamba mfua ngama, aliyeinama ndani ya chombo akitazama maji na mbao zinazokwenda pamoja naye, hulewa kabla ya wote, na kwamba dawa yake ni kumpandisha juu na kumwambia atazame upeo wa macho. Wanajua pia kwamba nahodha halewi akiwa usukanini. Mwaka 1991 Arnon Rolnick na R. E. Lubow walipolichunguza swali la kwa nini dereva ni nadra kuugua, walikuta kuushika usukani kwenyewe kunapunguza kigegezi: mwenye usukani huujua mgeuko kabla haujatokea.

Hapa msomaji makini atanishika. Mkandani boti inakwenda kweli, atasema, na macho yanaona kwamba inakwenda, sasa mgongano uko wapi? Pingamizi hilo ni zuri kuliko yote niyajuayo. Jibu langu liko katika kile kipande kati ya turubai na ubavu. Mandhari yanayopita yana tafsiri mbili: ama mimi nasonga mbele, ama mimi nageuka. Anayeona kote, omo, upeo wa macho na mikoko ya mbali isiyoonekana kusogea, hana shaka ni ipi. Aliyepewa kidirisha cha ubavuni tu, chenye vigogo vya karibu vinavyokimbia vyote upande mmoja, anaona picha inayokaribiana sana na ya pipa la mistari. Macho yanaripoti mgeuko. Sikio, ambalo lingepiga kelele kama mgeuko huo ungekuwa wa kweli, liko kimya. Kisha njia inapokunja, sikio linaripoti mgeuko mdogo usiolingana na ule mkubwa wa macho. Ghubani kidirisha hakijaongezeka, lakini ukingo umekwenda mbali, nyuzi kwa sekunde zimeshuka karibu na sifuri, na macho yametulia. Mawimbi madogo ya pale huleta mwendo ambao macho na sikio wanakubaliana juu yake.

Wapo watakaosema ni harufu ya petroli. Sikatai kwamba harufu humzidishia mtu aliyekwisha kuchafukwa. Lakini anayefumba macho Mkandani hupata nafuu huku pua yake iko wazi kama ya wengine. Wapo watakaosema ni mawimbi tu, na kwamba abiria ametoka nayo mbele ya mji. Kuhusu mawimbi tuna kipimo kizuri. Mwaka 1974 James O'Hanlon na Michael McCauley walichapisha matokeo ya kuwapandisha na kuwashusha watu kwa mashine kwa kasi mbalimbali, wakakuta mwendo mbaya kuliko wote ni ule unaorudi karibu mara moja kila sekunde tano. Huo ni mwendo wa jahazi lililopunguza tanga nje ya miamba, au mashua iliyotia nanga ikivua. Boti ya injini inayopigapiga maji mara kadhaa kwa sekunde huumiza mgongo, haigusi sana kigegezi. Na katika maji ya Mkanda hata kupigapiga huko hakuna. Na wapo wanaosema ni udhaifu wa wanawake. Ni kweli kwamba tafiti za ng'ambo mara nyingi hukuta wanawake wakiripoti ugonjwa huu zaidi ya wanaume. Lakini katika boti zetu wanawake, pamoja na wazee na watoto, hupewa nafasi ya kati chini ya turubai, kwa heshima na kwa stara, ilhali vijana wa kiume hukaa omo au juu ya ukingo wakipigwa na upepo na kuona kote. Kabla ya kupima wepesi wa moyo wa mtu, tupime kwanza kiti alichopewa.

Ikiwa macho yanahusika kiasi hiki, kwa nini nisiseme basi kwamba ugonjwa ni wa macho? Hoja hiyo ilitolewa, tena na mtu aliyeifikiria sana. Sheldon Ebenholtz alipendekeza mwaka 1992 kwamba ni misuli ya macho yenyewe, inapovutwavutwa na miendo kama nistagmasi, inayopeleka habari kwenye mishipa ya fahamu iendayo tumboni. Na upo ushahidi unaomuunga mkono: miaka miwili kabla yake Stern na wenzake walionyesha kwamba mtu aliye ndani ya pipa akikaza macho kwenye nukta moja isiyosogea, na hivyo nistagmasi ikatulia, kigegezi chake hupungua. Kama ushahidi ungeishia hapo ningemfuata Ebenholtz. Lakini wapo watu ambao macho yao ni mazima na mizani ya masikio yao imekufa. Mwaka 1882 William James wa Harvard aliwauliza viziwi 519 kuhusu kuzungushwa, na 186 kati yao hawakujua kizunguzungu ni nini, ilhali katika wanafunzi na walimu karibu 200 wanaosikia alimpata mmoja tu wa namna hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, jeshi la majini la Marekani na NASA waliwachunguza wanaume 11 viziwi wa Chuo cha Gallaudet, ambao 10 kati yao uziwi wao ulitokana na homa ya uti wa mgongo utotoni. Walipopelekwa kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, wao walicheza karata. Watafiti ndio waliolewa hata jaribio likasitishwa. Na mwaka 1991 Bob Cheung, Ian Howard na Ken Money waliwaweka watu wasio na mizani ya masikio mbele ya mandhari inayozunguka. Walihisi veksheni kama kawaida, lakini kigegezi kiliwapata wenye masikio mazima. Kama misuli ya macho ingekuwa ndiyo mkosaji, watu hao wasingesalimika. Ugomvi unahitaji wawili. Sikio likiondoka, macho hayana wa kugombana naye.

Ndiyo maana nasema macho ni shahidi. Na shahidi huyu ana thamani kwa sababu sikio la ndani limefichwa ndani ya mfupa mgumu, ubongo hauonekani, na maneno ya mgonjwa hayatoshi. Mtu akisema "nasikia kizunguzungu" anaweza kuwa anamaanisha dunia inamzunguka, au kichwa ni chepesi, au miguu haina nguvu, au moyo umemchafuka. Mwendo wa jicho haubabaiki hivyo. Robert Bárány aliligundua jambo hili Vienna kwa kusafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Maji ya baridi yaliwatia kizunguzungu na macho yakapiga nistagmasi upande mmoja. Maji ya moto yakayageuza. Kwa beseni la maji na kipimajoto akawa anaweza kuuliza kila sikio peke yake kama lipo hai. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 akiwa mateka wa vita nchini Urusi. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza jinsi ya kumlaza mgonjwa ghafla, kichwa kimegeuzwa, na kuyasoma macho yake, ambayo leo hutuonyesha ni mfereji gani umeingiwa na vipunje vya chokaa vilivyopotea njia. Hali hiyo hutibika kwa kukigeuza kichwa kwa hatua maalumu, bila kidonge. Mwaka 2009 Jorge Kattah na wenzake walichapisha kipimo cha hatua tatu, zote za kutazama macho, kwa mtu aliyeshikwa na kizunguzungu kikali kisichokatika. Kilitambua kiharusi vizuri kuliko picha ya MRI ya siku za mwanzo, ambayo ilikosa asilimia 12 ya viharusi hivyo.

Jambo hilo la mwisho halinipi ruhusa ya kutamba. Waliopima katika uchunguzi huo walikuwa mabingwa, na kipimo kikiwa mikononi mwa asiyefunzwa hupoteza makali yake. Dalili nyingine nazo hazisubiri kusomwa macho: kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mkono kukosa nguvu, au kushindwa kabisa kusimama, mwenye hayo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Presha, malaria, upungufu wa damu na sukari kushuka pia huleta kizunguzungu, na muuguzi anayeanza na hayo hakosei. Ninalopinga ni kuishia hapo. Mtu wa Kizingitini anayeambiwa akapigwe picha ya ubongo ana bahari na pengine barabara ndefu mbele yake kabla ya kuifikia mashine, na huenda nistagmasi ikawa imekwisha njiani. Kumtazama macho wakati kizunguzungu kimemshika kunahitaji dakika chache na mtu anayejua cha kutafuta, ikiwa ni pamoja na hila moja muhimu: mtu akikaza macho kwenye kitu, nistagmasi itokayo sikioni hupungua au hujificha. Kwa hiyo madaktari huwavisha wagonjwa miwani mizito ya Frenzel, au huwarekodi gizani. Pasipo na hayo, karatasi nyeupe isiyo na maandishi ikiwekwa karibu na uso, mpimaji akichungulia ubavuni, humnyima mgonjwa cha kukazia macho. Na simu iliyo mfukoni mwa kila kijana wa Amu inaweza kurekodi jicho vizuri vya kutosha kumwonyesha daktari aliye mbali.

Faida kubwa ya kuyaelewa haya, kwa maoni yangu, hawaipati wanaolewa Mkandani, ambao hushuka Faza wakapona. Wanaipata wale ambao Mkanda umewafuata nchi kavu. Mwaka 1995 Adolfo Bronstein wa London alieleza wagonjwa ambao, mara nyingi baada ya ugonjwa wa sikio, walishindwa kuvumilia maduka yenye rafu ndefu, umati na magari yanayopita. Mwaka 2009 chama cha kimataifa cha wataalamu, chenye jina la Bárány, kiliipa hali hii nafasi yake katika orodha ya dalili kama kizunguzungu kinacholetwa na kuona, na mwaka 2017 kilieleza ugonjwa unaodumu miezi mitatu au zaidi ambao dalili hiyo ni sehemu yake. Amu haina maduka ya namna hiyo wala msururu wa magari. Lakini ina Usita wa Mui, kuta zake karibu na mabega, watu wakija na punda wakija kutoka mbele. Ina umati wa Mkunguni, na wa siku za Maulidi ambapo kila kitu mbele ya macho kinayumba kwa pamoja. Na siku hizi ina kioo cha simu kinachopandishwa kwa kidole usiku kucha. Mwenye hali hii huanza kukwepa. Haendi sokoni, haendi harusini, hapandi boti. Majirani husema ni wasiwasi, wengine husema ni pepo. Sina ugomvi na dua ya mtu, na wasiwasi kweli huja juu ya ugonjwa huu na kuukoleza. Lakini kinachojulikana ni kwamba ubongo wa mtu huyu, baada ya sikio kumsaliti mara moja, umeliondolea imani na kuyaegemea macho kupita kiasi; kwa hiyo chochote kinachoyavuta macho kinamvuta yeye mzima.

Linabaki pingamizi la kitaalamu, nalo lazima nilikubali kwa sehemu. Watu wawili wanaweza kuwa na nistagmasi inayofanana ndani ya pipa, mmoja akatapika na mwingine akatoka akicheka. Ukubwa wa mwendo wa macho si kipimo cha mateso. Ni sawa. Shahidi husema kilichotokea. Hawezi kusema kilimuuma nani kiasi gani. Lakini angalia yanayotokea mtu akizoea. Brian McCabe alipowachunguza wachezaji wanaoteleza na kujizungusha barafuni, katika makala ya mwaka 1960, aliona nistagmasi yao baada ya kuzunguka imefifia mno kwa mazoezi. Baharia naye akirudi pwani baada ya siku nyingi, kitanda humyumbia usiku, maana ubongo wake umeyaandika mawimbi kuwa ndiyo hali ya kawaida. Mazoea, ambayo watu huyatoa kama hoja ya kwamba kulewa bahari ni jambo la moyo, ni ubongo kurekebisha daftari lake. Na urekebishaji huo, kwa wanaozunguka barafuni, umeonekana machoni.

Tiba inayofuata kutoka hapo inajulikana. Marousa Pavlou na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walilinganisha mazoezi ya kawaida ya mizani na mazoezi yaliyoongezewa mandhari yanayosogea, na wale wa kundi la pili ndio waliopata nafuu zaidi ya kizunguzungu chao cha kuona. Kwa lugha ya hapa: mgonjwa asikimbizwe Mkanda, wala asitupwe humo kwa nguvu. Aanze omo, akitazama mbele. Kisha ubavuni lakini pasipo turubai, upeo wa macho ukionekana. Kisha muda mfupi kwenye benchi la kawaida, akipumzika kisunzi kinapoanza kupanda, akirudia siku nyingine. Wanaouza vidonge vya kizunguzungu hawatalipenda hili, maana wamezoea kumpa mtu vya mwezi mzima, naye humeza akidhani anajitibu. Vidonge hivyo vina siku zake: siku mbili tatu za mwanzo sikio linapougua ghafla na mtu anatapika, au safari moja ndefu ya kwenda Kiunga wakati wa kusi. Vikiendelea baada ya hapo hutuliza mgongano kwa kuuziba ubongo masikio, na ubongo usiousikia mgongano haujifunzi kuumaliza.